Wagonjwa wa upasuaji hawafii mezani

Baraza la mawaziri la Kenya lilipoidhinisha mswada wa ubora wa huduma za afya na usalama wa mgonjwa mwaka 2025, habari ilifika Mombasa ikiwa imeshabadilika sura. Kwenye baraza za Mji wa Kale na katika vipindi vya redio vya asubuhi, watu waliipokea kama sheria ya kuwatia adabu madaktari: sasa atapatikana yule aliyesahau shashi tumboni mwa mzazi, sasa atajibu yule aliyemzidishia mtoto dawa ya usingizi. Madaktari na wauguzi nao wakaisikia vivyo hivyo, ila wao ndio waliojiona wakielekezewa fimbo. Wanasiasa wakaongeza lao, wakazungumzia leseni, ukaguzi na mashine mpya. Nadhani wote wamepitwa na kiini cha jambo. Sheria ya usalama wa mgonjwa, hasa kwa anayepasuliwa, itafaa au itaozea kabatini kwa kutegemea kitu kimoja: kama muuguzi wa zamu ya usiku aliyeona mambo yakienda kombo ataweza kusema na kuandika alichokiona bila kuhofia kumwaga unga. Bila hilo, leseni ukutani na mashine zinazong'aa zitaokoa watu wachache, kwa sababu wagonjwa wetu hawafii pale tunapodhani wanafia.

Mtu wa Pwani akiambiwa atapasuliwa, hofu yake ya kwanza ni nusu kaputi. Atauliza kama ataamka. Jamaa watakaa nje ya thieta wakisoma Yasini, na mlango ukifunguliwa, kitanda kikatoka na mgonjwa akakohoa, watu hushusha pumzi, simu zikapigwa Kilifi na Lamu kwamba mambo yamekwenda salama, na wengi wakatawanyika kwenda kula. Takwimu zinasema hatari kubwa ndiyo kwanza inaanza. Utafiti uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018, ukiongozwa na Bruce Biccard wa Chuo Kikuu cha Cape Town, ulifuatilia wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika hospitali 247 za nchi 25 za Afrika. Waliofariki walikuwa 239, yaani asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wa Afrika walikuwa na umri mdogo na maradhi machache kuliko wenzao wa mabara mengine. Kati ya hao 239, watu 225 walifariki baada ya siku ya upasuaji kupita. Meza ya upasuaji waliivuka. Kilichowashinda ni usiku wa pili, wa tatu, wiki iliyofuata, wakiwa wodini. Maambukizi ndiyo tatizo lililowapata wagonjwa wengi zaidi, na dalili za matatizo kama hayo huweza kuwepo saa nyingi kabla ya mtu kuzitambua.

Mfano ulio wazi zaidi ni mama aliyezaa kwa kupasuliwa. Uchambuzi wa data hizohizo, uliotoka mwaka 2019, ulionyesha kwamba vifo vya akina mama baada ya upasuaji wa uzazi barani Afrika vinakaribia mara 50 ya vile vya nchi tajiri, na kutokwa na damu nyingi pamoja na matatizo ya usingizi vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoambatana na vifo hivyo. Mwili wa mama kijana una uwezo wa kudanganya. Anaweza kupoteza hata robo ya damu yake, ikivuja polepole ndani, na presha yake ikasomeka vizuri kabisa, kwa sababu mishipa inajibana na moyo unakwenda mbio kufidia. Kinachobadilika mapema ni mapigo ya moyo: yalikuwa 84, yakawa 100, yakawa 118. Pumzi nazo zinaongezeka, mikono inapoa, mama anaanza kuhangaika na kuomba maji. Presha ikishaanguka, muda uliobaki ni mchache. Basi usalama wa mama huyu, saa nane za usiku, unategemea mtu wa kumshika mkono, kuhesabu mapigo kwa dakika moja nzima, kulinganisha na hesabu ya saa iliyopita, halafu kumwamsha daktari hata kama daktari huyo ana tabia ya kufoka akiamshwa. Hakuna mashine ya mamilioni katika kazi hiyo.

Niliwahi kukesha kando ya kitanda cha jamaa yangu aliyepasuliwa, katika hospitali moja ya hapa mjini ambayo haina haja ya kutajwa. Karatasi ya vipimo ilining'inia miguuni pa kitanda, mistari yake ikiwa mitupu usiku kucha. Kabla ya zamu kupokezana alfajiri, muuguzi alipita na kalamu moja akaijaza yote kwa mkupuo: mapigo 80, presha 120 kwa 80, pumzi 20, na tena, na tena, mpaka chini. Sikumlaumu na simlaumu leo. Alikuwa peke yake katika wodi iliyojaa, na nusu ya usiku aliimaliza upande wa pili kwa mgonjwa aliyekuwa akitapatapa. Fomu ilimdai namba, na hakuna aliyewahi kumpa ruhusa ya kuacha nafasi wazi. Lakini mstari mtupu ungekuwa ripoti ya kweli: saa nane hapakuwa na mtu. Msimamizi angeiona, kaunti ingeiona, na huenda siku moja mtu angeuliza kwa nini. Mstari uliojazwa 80 unasema kila kitu kiko sawa, na hospitali nzima inajengwa juu ya uongo huo mdogo usio na mwovu ndani yake.

Sasa hoja ya vifaa, ambayo ndiyo yenye wafuasi wengi serikalini. Kuanzia mwaka 2015 Kenya ilikodi mashine za hospitali kwa kaunti zote 47, vifaa vya thieta vikiwemo, na Seneti baadaye ikalalamika kwamba baadhi zilikaa bila kazi kwa kukosa watu wa kuziendesha. Hivi sasa kuna mpango mwingine ambao hospitali inalipia mashine kwa kadiri inavyotumika. Ni nafuu kuliko ule wa kwanza, nakubali, na wala sitaki kudharau vifaa. Oksimita, kile kibanio kinachovalishwa kidoleni kupima oksijeni kwenye damu, kilitokana na kazi ya mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, katika miaka ya 1970, na leo hakuna mtoa usingizi mwenye akili timamu anayependa kufanya kazi bila hicho. Uzuri wake ni sauti. Oksijeni ikishuka, mlio nao unashuka, ukawa mzito, na kila aliyemo thietani anausikia hata akiwa ameinamia kidonda. Nikiambiwa kaunti ina pesa za kifaa cha aina moja tu, nitasema oksimita, moja kwa thieta na nyingine kwa chumba cha kuamkia.

Hata hivyo, historia ya usalama katika fani ya usingizi haikuanza na vifaa. Ilianza na mazungumzo. Mwaka 1978 Jeffrey Cooper, mhandisi aliyekuwa akifanya kazi Boston, alichapisha matokeo ya mahojiano aliyowafanyia watoa usingizi. Aliwauliza, kwa siri, mambo yaliyokaribia kuua au yaliyoua, bila kumtafuta mkosaji. Wakasema. Ikaonekana kwamba katika matukio yaliyoweza kuzuilika, asilimia 82 yalitokana na makosa ya kibinadamu: mpira wa hewa uliochomoka bila kuonekana, sindano mbili zilizofanana zikabadilishwa, kitasa cha gesi kilichozungushwa siko. Mashine kuharibika kulichangia asilimia 14 tu. Ni baada ya kujua hivyo ndipo hospitali za Harvard zilipotunga, mwaka 1986, viwango vya lazima vya uangalizi wa mgonjwa aliyelazwa usingizi: mtoa usingizi asitoke chumbani, mapigo na presha vipimwe kila baada ya dakika tano. Uchambuzi uliochapishwa Lancet mwaka 2012 unaonyesha vifo vilivyosababishwa na usingizi wenyewe vilishuka kutoka 357 kwa kila milioni kabla ya miaka ya 1970 hadi 34 kwa kila milioni katika miaka ya 1990 na 2000, na nchi tajiri ndizo zilizonufaika zaidi. Kwanza watu walisema ukweli, kisha sheria na vifaa vikafuata ukweli huo. Sisi tunataka kuanza na vifaa, tena wakati mdomo umefungwa.

Anayedhani vifaa na mabingwa vinatosha na aisome habari ya Elaine Bromiley. Mwaka 2005 nchini Uingereza mama huyu aliingia thietani kwa upasuaji mdogo wa pua. Alipolazwa usingizi njia yake ya hewa ikaziba. Chumbani walikuwepo madaktari bingwa wenye uzoefu wa miaka mingi na vifaa vya kila aina. Walishikilia kujaribu kupitisha mpira kooni huku dakika zikiyoyoma na oksijeni ikiwa chini mno. Muuguzi mmoja alileta vifaa vya kutoboa koo, akasema viko tayari. Mwingine alipiga simu kuomba kitanda cha wagonjwa mahututi. Wauguzi walikuwa wameshajua la kufanya, ila hawakupata namna ya kuwaambia wakubwa wakasikilizwa. Mama huyo alifariki siku kumi na tatu baadaye. Mumewe, Martin Bromiley, alikuwa rubani, na alichodai ni uchunguzi wa kueleza yaliyotokea. Hakudai kichwa cha mtu. Madaktari wale walirudi kazini, na kisa hicho kimefundishwa kwa watoa usingizi duniani kote. Ikiwa Uingereza muuguzi alishindwa kumkatiza bingwa, basi tujiulize hali ikoje kwetu, ambako msichana aliyehitimu mwaka jana analelewa tangu utotoni kutomrudisha mkubwa wake neno, na ambako anayesahau kumwita daktari kwa cheo chake cha "daktari" hukaripiwa mbele za watu.

Ndiyo maana naipenda, pamoja na kasoro zake, ile orodha ya usalama wa upasuaji iliyotolewa na Shirika la Afya Duniani (WHO) mwaka 2008. Ina vipengele 19 na vituo vitatu: kabla ya kulazwa usingizi, kabla ya kukata ngozi, na kabla ya mgonjwa kutoka. Kila mmoja chumbani anataja jina na kazi yake. Wanasema kwa sauti mgonjwa ni nani, anapasuliwa nini, upande gani, kama ana mzio, kama antibiotiki imeshaingia, damu kiasi gani inaweza kupotea, na mwishoni shashi na sindano zinahesabiwa. Wapo wanaosema hayo ni makaratasi ya Wazungu yasiyofaa hospitali zenye foleni kama zetu. Hoja hiyo ndiyo dhaifu kuliko zote, maana miongoni mwa hospitali nane zilizoijaribu mwanzo ilikuwemo ya Ifakara, Tanzania, sambamba na London, Toronto na Manila. Katika hospitali hizo nane, kwa ujumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo kutoka asilimia 11 hadi 7. Orodha inachukua dakika mbili au tatu. Na la muhimu zaidi kwa mila zetu, inampa yule msichana pa kusemea: haingilii mambo ya mkubwa, anasoma kipengele kilicho mbele yake. Mwaka 2018, miaka kumi baada ya orodha kutolewa, Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ilimfungua fuvu mgonjwa asiyehusika. Wagonjwa wawili walichanganywa, mmoja akiwa na damu iliyoganda kichwani, mwingine akiwa na uvimbe usiohitaji kisu, na madaktari walitafuta damu hiyo kwa saa kadhaa kabla ya kung'amua. Swali la kwanza katika orodha ni jina la mgonjwa.

Lakini lazima tuwe waadilifu kwa ushahidi wote, hata unaotuudhi. Jimbo la Ontario, Kanada, liliifanya orodha hiyo kuwa lazima, na watafiti walipolinganisha hospitali 101 kabla na baada, katika ripoti ya mwaka 2014, vifo vilikuwa asilimia 0.71 na 0.65, tofauti ambayo kitakwimu haina uzito. Wapo wanaosema orodha haifanyi kazi, na wapo wanaosema Ontario ilijaza visanduku tu. Mimi naelemea upande wa pili, ingawa siwezi kukataa kwamba huenda faida ya mwanzo ilionekana kubwa kuliko ilivyo. Ushahidi wa pili unanigusa mimi mwenyewe, maana unapiga hoja niliyoijenga hapo juu. Kundi lilelile la watafiti wa Afrika lilifanya jaribio jingine, likachapishwa mwaka 2021: wagonjwa walio hatarini wawekwe karibu na meza ya wauguzi, wapimwe mara nyingi zaidi, jamaa waruhusiwe kukaa nao, mwongozo ubandikwe kando ya kitanda. Vifo havikupungua. Msomaji mkali atasema basi nadharia ya wodi imekufa. Ninavyoisoma, jaribio hilo linatuambia kwamba huwezi kuwaagiza watu walewale, wachache walewale, waongeze macho wasiyokuwa nayo. Muuguzi wangu wa alfajiri angepewa mwongozo mpya kando ya kitanda, angejaza namba 80 mara mbili zaidi.

Kuna mambo, hata hivyo, ambayo hayahitaji muuguzi wa ziada wala shilingi ya ziada, na ndiyo yanayonikera zaidi. Hospitali ya Thika ilikuwa na desturi iliyoenea nchi nzima ya kumpa mgonjwa antibiotiki baada ya upasuaji, siku kadhaa, badala ya kumpa kabla kisu hakijagusa ngozi. Ushahidi ulishaonyesha kwamba dawa inatakiwa iwe tayari kwenye damu wakati wa kukata. Ikija baadaye, vijidudu vimeshatia nanga. Hospitali ikatunga utaratibu wake, ikawashirikisha wafanyakazi wake. Matokeo yalichapishwa mwaka 2013: waliopewa dawa kabla ya kisu walipanda kutoka asilimia 2 hadi 60 katika wiki ya kwanza, na kufikia 98 wiki ya sita. Maambukizi ya juu ya kidonda yakapungua, na gharama nazo zikapungua. Thika iko Kenya, tena ni hospitali ya umma. Mwaka 2016 WHO ilirudia msimamo huo katika miongozo yake: dawa kabla ya kukata, isiendelezwe baada ya upasuaji kwisha, na nywele zisinyolewe kwa wembe kwa sababu mikwaruzo inakaribisha wadudu. Pamoja na hayo, bado utakuta jamaa wa mgonjwa ametumwa dukani kununua wembe.

Na kufunga. Mgonjwa anaambiwa asitie kitu mdomoni kuanzia saa sita ya usiku, halafu zamu yake ya thieta inafika saa tisa alasiri, kwenye joto la Mombasa, midomo imepasuka na mishipa imenywea mpaka mtu wa kutia dripu anachoma mara tatu. Miongozo ya chama cha watoa usingizi cha Marekani imeruhusu tangu mwaka 1999 maji na vinywaji visivyo na maziwa, chai ya rangi ikiwemo, hadi saa mbili kabla ya usingizi. Chakula chepesi ndicho kinachohitaji saa sita. Anayefunga Ramadhani ana daku na futari na anajua atakunywa lini. Huyu wa wodini hajui.

Hoja nyingine inayosikika, hasa kwa wenye uwezo wa kwenda hospitali za binafsi, ni kwamba usingizi utolewe na madaktari bingwa peke yao. Ina ushahidi nyuma yake. Uchambuzi wa mwaka 2016 kuhusu nchi za kipato cha chini na cha kati ulikuta vifo vya akina mama 9.8 kwa kila usingizi 1,000 uliotolewa na wasio madaktari, dhidi ya 5.2 kwa madaktari. Ila wasio madaktari ndio walioko kule ambako mama hufika amechelewa, damu imeshakwisha, benki ya damu tupu; ukilinganisha namba hizo bila kulinganisha mahali, umepunja. Utafiti wa 2018 niliotaja ulikuta wastani wa madaktari wa upasuaji, uzazi na usingizi 0.7 tu kwa kila watu 100,000. Lengo la tume ya upasuaji ya jarida la Lancet ni 20 ifikapo 2030. Ukipiga marufuku maafisa wa kliniki na wauguzi waliosomea usingizi, waliofunzwa vyuo vyetu na hospitali kama Kijabe, utafunga thieta za Kwale na Tana River usiku huohuo, na mama wa Kwale atapandishwa ambulansi kwenda Makadara, hospitali kuu ya rufaa ya Pwani iliyoko Mombasa, kupitia feri ya Likoni. Atakayefia njiani hataingia kwenye takwimu za upasuaji za mtu yeyote. Kinachofaa ni kuwapa hao waliopo bingwa wa kumpigia simu, na haki ya kusema "huyu amenizidi" bila kuchekwa. Uchambuzi huohuo wa 2016, kwa njia, ulikuta hatari ya kufa kwa mama ilikuwa zaidi ya mara tatu kwa waliotiwa nusu kaputi wakilinganishwa na waliochomwa sindano ya mgongo. Dhana kwamba sindano hiyo humwachia mama maumivu ya mgongo maisha yake yote haina ushahidi wa maana, lakini huku kwetu bado inawafanya akina mama waikatae.

Nimeiacha hoja ya adhabu kwa makusudi, kwa kuwa ina nguvu za moyo. Mtu aliyempeleka mke wake akazae akarudi na maiti hataki kusikia habari za mifumo. Anataka jina. Na wako watu wanaostahili kutajwa: asiye na leseni aliyefungua kliniki ya uchochoroni, aliyeingia zamu amelewa, aliyebadilisha faili baada ya kifo ili kujificha. Hao sheria iwashike. Wengine huku kwetu hukimbilia upande wa pili, kwamba siku zake zilikuwa zimefika. Hilo ni la imani na silipingi, ila imani hiyohiyo imetufundisha kumfunga ngamia kwanza. Ninachokipinga ni dhana kwamba hofu ya jela itamfanya daktari awe makini zaidi. Mtu hasahau shashi tumboni kwa sababu hakuogopa vya kutosha. Husahau kwa sababu kuhesabu kulikatizwa, zamu ilibadilika katikati, damu ilikuwa nyingi. Hofu huzaa kitu kimoja kwa uhakika: mistari ya karatasi iliyojazwa namba 80. Katika kisa cha Kenyatta, hatua ya kwanza ilikuwa kuwasimamisha kazi watu wanne. Kila muuguzi nchini alijifunza siku hiyo kwamba ukigundua kosa, ulifiche kwanza.

Hapa pana fundo gumu, na sitalizunguka. Karatasi iliyojazwa uongo ni kosa kisheria popote, na mimi nimemtetea aliyeijaza. Naona tofauti kati ya anayeghushi rekodi baada ya mtu kufa ili kukwepa lawama na anayejaza fomu ambayo mwajiri wake anajua fika haiwezi kujazwa kweli na mtu mmoja. Wa kwanza ni jinai. Wa pili ni ushahidi dhidi ya mwajiri. Sheria nzuri ingeruhusu wa pili aandike "sikuweza kupima, nilikuwa peke yangu", na maneno hayo yahesabiwe kama ripoti ya usalama badala ya ungamo.

Jambo hilo si geni Kenya. Ripoti ya kwanza ya uchunguzi wa siri wa vifo vya akina mama, ya mwaka 2017, ilipitia vifo 484 vya mwaka 2014 bila kutaja majina ya wahudumu wala hospitali, na ikasema wazi kwamba katika visa tisa kati ya kumi huduma tofauti ingeweza kubadilisha matokeo. Hakuna mahakama iliyowahi kutupa picha kama hiyo, kwa sababu mahakamani kila mtu huja na wakili. Utaratibu huo ungepanuliwa kwa kila kifo kinachotokea ndani ya siku 30 baada ya upasuaji, kilichosemwa mbele ya jopo kikawa hakitumiki dhidi ya msemaji, huku faili la mgonjwa na haki ya jamaa ya kwenda mahakamani vikibaki palepale. Jamaa waambiwe ukweli mapema, na mtu mzima, ana kwa ana, kabla ya kuusikia kwa mfagiaji wa wodi. Na namba zikitangazwa, zitangazwe kwa busara. Makadara hupokea mahututi wa kaunti sita za Pwani. Ukiziorodhesha hospitali kwa idadi ya vifo pekee, itaonekana mbaya kuliko zahanati inayokataa kila mwenye presha, na hospitali zitajifunza haraka kuwakataa wagonjwa wazito.

Kisha kuna hesabu ambayo mswada wowote hauwezi kuiandika: mishahara. Afya imegatuliwa, na muuguzi wa usiku huajiriwa na kaunti. Bima ya afya ya jamii, SHA, iliyochukua nafasi ya bima ya zamani ya taifa, NHIF, Oktoba 2024, hulipia upasuaji uliofanyika, kwa hiyo hospitali ina kila sababu ya kuongeza upasuaji na haina sababu ya kifedha ya kuongeza macho wodini. Kamati ya afya ya bunge la kaunti ingeweza kudai, wakati wa bajeti, kila hospitali ieleze ina wauguzi wangapi kwa kila kitanda cha upasuaji kati ya saa mbili za usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Swali hilo halihitaji mswada, na linaweza kuulizwa katika kikao kijacho.